Vigingi Viwili Katika Lori la Kijiji

Mgeni rasmi, ndugu viongozi mliofuatana naye, wazee wetu, na wenzetu wa zamu zote za shamba la chai la Kijiji cha Ujamaa cha Mapambano. Wakubwa, shikamooni. Wengine wote tunawasabahi.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu. Mvua imekupiga tangu Tukuyu na hukugeuza gari, kwa hiyo tunakuambia ndaga fijo, asante sana. Ndizi ziko jikoni na ngoma utaiona.

Lakini mwenzetu mmoja hayumo katika safu hizi. Ambindwile, dereva wa lori la kijiji, ameamriwa akae ndani ya nyumba yake mpaka utakapoondoka, asije akakuchafulia macho. Tumesikia pia kwamba ukishakula utaombwa kuridhia yeye, mke wake na watoto wake wahamishwe hapa kijijini kwa kosa la kuhujumu mali ya umma. Sisi wachuma chai tulikuwa juu ya lori hilo siku lilipoanguka, na mpaka leo hakuna aliyetuuliza tuliona nini. Kwa sababu hiyo risala yetu haitafuata mpango tulioandikiwa na Kamati ya Mapokezi. Tunaomba isikatizwe.

HISTORIA YA LORI LETU

Lori letu lina umri mkubwa kuliko Uhuru. Lilianza kazi kwa mlowezi mmoja aliyelima chai huko juu, na alipofunga mizigo yake likaja mikononi mwa kijiji likiwa na mlango mmoja usiofunguka na injini inayopiga mluzi. Wengi walisema ni chuma cha kutengenezea majembe. Ambindwile alilala chini yake siku nzima, akatoka ana oili mpaka masikioni, akasema, "Huyu ni mzee anayekohoa. Mzee anayekohoa bado yu hai."

Ili utuelewe, Mgeni rasmi, lazima tukueleze jambo moja la ndani ya lori, nasi tutalieleza kama tulivyoelezwa. Injini inavuta pumzi kama mtu. Hapo inapovutia pumzi kuna mpira umeunganishwa, na mpira huo unashuka chini ya lori hadi kwenye kopo kubwa la breki. Injini inapovuta, inanyonya hewa ya kopo, na kopo nalo linamsaidia dereva kubana breki. Mguu wa mtu mmoja unapata nguvu za watu wanne. Mpira huo ukitoka, breki inakuwa ngumu kama kukanyaga jiwe la kusagia. Kando yake kuna mpira wa pili, ambao kazi yake ni kuurudisha moshi wa oili ndani ya injini ukaungue humo, usimfukize dereva na abiria.

Mipira yote miwili ilikuwa imechoka. Kila tulipoomba vipuri tuliambiwa havijafika. Ambindwile akaivalisha mpira wa ndani wa baiskeli, akaizungushia kamba ya mgomba iliyolowekwa, akaikaza mpaka ikawa kama mguu uliofungwa bandeji. Haikupendeza. Ilivuja kidogo, na ndiyo iliyokuwa ikipiga ule mluzi. Lakini ilishika.

MAFANIKIO

Kwa mipira hiyo ya bandeji, Mgeni rasmi, majani yetu yalifika kiwandani yakiwa mabichi. Wagonjwa wa huku bondeni walifikishwa hospitali ya Makandana usiku na mchana. Kuna mama aliyejifungulia njiani juu ya magunia, na Ambindwile akasimama katikati ya barabara amegeuza uso, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ili mwenzetu asione haya. Hayo ndiyo maendeleo tuliyokuwa nayo. Hatuna mengine ya kukusomea, kwa kuwa tangu ajali tunabeba chai kichwani, inafika imenyauka, inamwagwa.

MATATIZO

Mgeni rasmi, siyo wewe uliyekuja sikukuu ya Saba Saba. Alikuja mgeni mwingine. Kwetu huku mgeni hapokelewi penye takataka. Uwanja unafagiliwa, zizi linafagiliwa, matambara yote yanaondolewa asiyaone. Ni mila njema na hatuikatai. Lakini Kamati ya Mapokezi, chini ya mwenyekiti wake Ndugu Lazaro, iliamua kwamba lori ndilo litakalomlaki mgeni, wachuma chai tukiwa juu yake tunaimba. Basi wakalifagia lori kama watu wanavyofagia nyumba.

Siku zile Ambindwile alikuwa Kinyala kwenye msiba wa mjomba wake, na msiba wa mjomba hauachwi katikati. Vijana wa kamati walifungua boneti wakaona mipira iliyofungwa kamba za mgomba, imelowa oili. Wakaona ni matambara. Wakakata vipande vya juu, wakaving'oa. Matundu yaliyobaki wakayaziba kwa vigingi viwili vya mkaratusi, wakavichonga vizuri, wakavigonga vikakaa, kisha wakapaka injini nzima rangi ya kijani, na vigingi pia. Kipande kimoja baadaye tulikikuta kimefungia mlango wa banda la kuku. Hatusemi walikuwa na nia mbaya. Tunasema walifanya, na walipoulizwa wakaficha.

Ambindwile alirudi asubuhi ya sikukuu, macho yamevimba kwa kulia. Alikuta lori limevishwa maua, na kitambaa cha "Karibu Mgeni Wetu" kimefungwa juu ya boneti kwa mafundo yasiyohesabika. Akaliwasha. Ametuambia kwamba jambo la kwanza lililomtia baridi ni uzuri wa sauti. Injini ilinguruma laini, ule mluzi haupo. Akatega sikio akiusubiri, kama mtu anayesubiri mgonjwa wake akohoe. Badala yake harufu ya oili ikamjia puani, na moshi ukaanza kupenya miguuni pake.

Akashuka. Akamwambia Lazaro, "Mwenyekiti, naomba nifungue boneti."

Lazaro akasema, "Ufungue, na kitambaa?"

"Kitambaa nitakifunga tena."

"Mgeni ameshapita Ikuti. Wewe Ambindwile umezoea matambara, ukiona kitu kisafi unaumwa."

Watu wakacheka. Naye akasema, "Basi mama zangu hawa washuke. Nitateremka peke yangu kwanza, nikalijaribu."

Wenzetu wawili walikwisha kuweka mguu chini. Lazaro akawapigia kelele warudi juu, kwamba lori tupu halimlaki mtu. Wakarudi. Magunia ya majani nayo yakapakiwa, ili mgeni aone kwamba sisi ni watu wa kazi hata siku ya sikukuu. Ambindwile alikuwa na nafasi ya kukataa, na kwa hilo amejilaumu mwenyewe zaidi kuliko alivyolaumiwa na mtu yeyote. Lakini aliyekataa amri mbele ya watu siku ile angeitwa nani? Angeitwa mhujumu. Alitii, na jina ni lilelile.

Mnaujua mteremko wa kuelekea darajani. Aliuanza kwa gia ndogo kuliko zote, taratibu. Alipogusa breki mara ya kwanza mguu ulikataliwa. Aliposhindilia, lori likapungua kidogo, kisha likaendelea kuvuta kama ng'ombe aliyeona majani. Mwenzetu Sekela, ambaye hana siku anayokosa utani, akamwinamia dirishani na kumwambia, "Tata, baba yangu, huko msibani walikulisha nini? Mbona mguu umelala?" Tukacheka. Tulikuwa bado tunaimba.

Yeye hakucheka. Alikuwa amesimama ndani ya lori, mgongo umeshika kiti, miguu yote miwili juu ya breki, uzito wake wote uko pale. Akatuita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama zangu, kaeni chini. Shikeni mbao." Tulipoona hakugeuka, tukakaa. Mbele ilikuwa kona, chini ya kona watoto wa shule wamejipanga na matawi mikononi. Ambindwile hakuifikia kona. Alikata usukani kulia, akalipeleka lori kwenye ukingo wa udongo, likapanda, likalalia miche ya chai.

Watoto wote walikwenda nyumbani na miguu yao. Sekela alivunjika paja, na bado yuko kitandani. Sisi wengine tuliumia tukapona. Hayo ndiyo yanayoitwa hujuma.

Kamati iliyojipa kazi ya kuchunguza ni ileile ya mapokezi. Walifungua boneti, wakaona rangi mpya kila mahali, wakasema hakuna kilichoharibika, kwa hiyo kilichoharibika ni dereva. Kisha wakasema alitoka msibani amelewa. Ushahidi wao ni utani wa Sekela. Maneno ya kuchekana, yaliyosemwa na mtu ambaye dakika hiyo alikuwa hajajua kama atavunjika, yamechukuliwa na kugeuzwa kamba ya kumfungia aliyemwokoa. Sekela ametutuma tuseme hivi: "Nilimtania kwa sababu namheshimu. Nikitaka kumshitaki mtu mlevi nitamtaja kwa jina, na kwenye kamati yenu wamo."

Tulipoona hivyo tulikwenda sisi wenyewe Makandana tukamwita fundi Jaffari, ambaye ana karakana yake pale na amefungua malori mengi. Hakuanza kwenye injini. Aliingia chini ya lori, akashika kopo la breki, akaufuata mpira kwa vidole kutoka huko kurudi juu, nasi tunamulika kwa koroboi maana chini kulikuwa giza. Mpira ulipanda, ukapita kando ya fremu, ukaisha. Ulikuwa unaning'inia hewani. Akatoka, akafungua boneti, akatafuta mahali ulipotakiwa kushika, akakwaruza rangi kwa kisu. Ukatokea mti.

Lazaro alikuwepo. Akasema, "Hivyo ndivyo lilivyotoka kiwandani."

Jaffari akanusa ncha ya kisu. "Kiwanda gani hicho ndugu yangu, kinachotumia mkaratusi?"

Akakwaruza pembeni, kigingi cha pili kikatokea. Hapo tukaelewa kwa nini moshi ulimjaa dereva miguuni. Jaffari alitaka kuving'oa na kufunga mipira mingine siku ileile. Kamati ikamkataza, kwamba yeye si mwanakijiji na lori lisiguswe mpaka uchunguzi wao ukamilike. Umekamilika. Wameandika kwamba hakuna vigingi.

Mgeni rasmi, tumechoka. Tumechoka kuwa mapambo. Tunapakiwa juu ya lori ili tuimbe, tunaambiwa turudi juu tukishuka, na tukivunjika tunaambiwa hatukuona. Kama kijiji ni chetu, na lori ni letu, na ujamaa ni wetu, basi na macho ni yetu. Tuliona.

MAOMBI

Hatukuombi lori jipya. Hatukuombi hata rangi.

Tunaomba Ambindwile asihamishwe. Aitwe hapa leo, kabla hujala, aketi katika safu yetu na jina lake lisafishwe mbele ya watu walewale waliomsikia akiitwa mhujumu.

Tunaomba vipuri vya breki viletwe, na visipopatikana, basi bandeji za Ambindwile ziheshimiwe. Tunaomba pia kwamba kuanzia sasa mtu asiing'oe wala kuiziba sehemu ya lori mpaka ameifuata kwa mkono kutoka inapoanzia hadi inapoishia, akajua kazi yake. Na ajali ikitokea, mkono uufuate mpira kabla kidole hakijamnyooshea mtu.

Mgeni rasmi, katika ratiba uliyopewa imeandikwa kwamba baada ya chakula utapanda lori la kijiji kwenda kuona shamba la chai darajani. Lori ndilo hilo limesimama nyuma yako. Limenyooshwa bampa, limepakwa rangi kwa heshima yako, na dereva mpya amekwisha kaa ndani. Vigingi vyote viwili vimo. Mawe yaliyo chini ya magurudumu tumeyaweka sisi alfajiri, na hatutayaondoa. Kama Kamati ya Mapokezi ina hakika kwamba kosa lilikuwa la mguu wa Ambindwile, basi Ndugu Lazaro na wajumbe wake wapande mbele yetu sasa hivi, wayaondoe mawe kwa mikono yao, wateremke. Sisi na wewe tutashuka kwa miguu nyuma yao, tutawakuta huko chini.

Mungu akurudishe salama kwa watoto wako, akupe masikio marefu na safari fupi, na mvua ya Rungwe ikuoshee njia.

Ni sisi,
Wachuma Chai wa Zamu ya Asubuhi,
Kijiji cha Ujamaa cha Mapambano.
Imesomwa kwa niaba yao na Tusekile.