Shimo Ambalo Sikulionyesha

Sogeeni hapa, wanangu, na wewe Martial ondoa mkono kwenye kitasa cha mlango, maana nikikuona umekishika najua unatafuta upenyo wa kutoroka, na leo hutoroki. Odile, niinulie mto, ufungue na hilo pazia niuone ukingo wa mfereji, na huo mtungi wa hewa usiufungue, mlio wake unanichanganya na nina maneno ambayo lazima yasikike. Daktari amesema siku mbili. Alimnong'oneza Odile jikoni akidhani mimi kiziwi kabisa, kumbe ni kiziwi nusu. Mashine za kutobolea mwamba zilichukua sikio la kushoto tu, na vumbi likachukua mapafu yote mawili, kwa hiyo nisikilizeni msinikatize, pumzi nilizobaki nazo sitaki kuzimaliza kwa kugombana.

Jana asubuhi Kazik Wrona alikuja hapa. Nilikuwa nimelala hapahapa sebuleni, mliponishushia kitanda tangu ngazi ziliponishinda, nikamsikia mlangoni akisema, "Nimekuja kumwona Evariste, nasikia hali si nzuri." Na nikakusikia wewe, Martial: "Baba mdogo Omer ulimmaliza, sasa umekuja kummaliza na baba? Toka hapa, mzee usiye na haya!" Akajibu, "Haya, mwanangu," akapanda baiskeli yake akaenda zake. Umemtukana, naye anakuita mwanangu! Nami nikajifanya nimelala, kama nilivyojifanya miaka thelathini na tisa. Nililia nimegeukia ukuta, Martial, kwa sababu matusi yale uliyatoa wewe lakini aliyekufundisha ni mimi. Ndiyo maana nimewaita leo kabla ya saa nne, kwani saa nne Kazik atapita ukingo wa pili, kama anavyopita kila Jumapili.

Mnajua kazi yangu ilikuwa nini kule mgodi wa makaa, Shimo Namba Sita. Nilikuwa mgonga dari. Wenzangu walikuwa hawaingii kwenye njia mpya mpaka mimi nitangulie na fimbo yangu ya chuma, nigonge dari ya mwamba, nisikilize, kisha ninyooshe mkono kuonyesha palipo hatari, na aliye nyuma yangu amwonyeshe aliye nyuma yake, hivyo hivyo mpaka wa mwisho gizani. Hakuna aliyeuliza, "Una hakika, Evariste?" Ukishaanza kuuliza, kazi ile huiwezi. Na Jumapili tulipopanda baiskeli zetu za mbio tulikuwa watu walewale na desturi ileile. Kwenye msafara, wa mbele ndiye macho ya wote. Wa pili anaona mgongo tu, wa tatu anaona mgongo wa wa pili. Na ardhi yetu hii tulikwisha kuila kwa chini, njia ya ukingoni leo iko sawa, wiki ijayo imebonyea. Wa mbele akiona shimo anashusha mkono pajani, anaonyesha, na wa pili anampokeza wa tatu.

Jumapili ile ya Septemba, mwaka sitini na tisa, tulikuwa watu kumi na mmoja. Mimi mbele, Kazik wa pili, Omer mdogo wangu wa tatu. Upepo ulitoka upande wa vilima vyeusi vya vifusi, ukitupiga usoni, na nilikuwa nimeukata peke yangu tangu lango la maji bila mtu kuja kunipokea. Kazik alikuwa na mdomo, mwulizeni yeyote. "Evariste, kanyaga bwana! Bibi yangu akienda kununua vitunguu ana kasi kuliko wewe!" Nikamwambia, "Basi njoo mbele, wewe mwenye miguu." Akasema, "Nije mbele kufanya nini? Hapa nyuma kuna joto, una mgongo mpana kama mlango wa kanisa!" Wakacheka wote. Omer naye akacheka, na kicheko cha Omer ndicho kilichoniuma, mdogo wangu wa damu kuungana na mwingine kunicheka. Nilikasirika, wanangu. Sina neno jingine la kulipamba.

Basi tulipopita tu daraja la chuma nikaliona shimo, kubwa kama beseni la kufulia, limekaa katikati ya njia. Vidole vyangu vilikwisha kuinuka kwenye usukani. Nikavirudisha. Nikasema moyoni, ngoja alile yeye, pancha moja itamfunga huo mdomo. Nikayumba kidogo tu, nikapita. Lakini Kazik alikuwa mchimbaji, alikuwa ananisoma nyonga, akayumba nami, akaponea chupuchupu, na mkono wa kuonyesha hakuwa na wakati nao. Omer alikuwa ameinamisha kichwa akiukimbia upepo. Gurudumu la mbele likazama lote, akarushwa upande wa mfereji, na hapo palikuwa na tishari la kokoto limefungwa ukingoni, akagonga kichwa kwenye ubavu wake kabla hajafika majini. Aliyejirusha kumtoa ni Kazik, na viatu vyake miguuni. Mimi nilisimama nimeshika baiskeli. Omer hakuiona Jumatatu.

Mwenyekiti wa chama chetu cha baiskeli wakati ule akauliza palepale, "Nani alikuwa mbele?" Nikasema mimi. "Ulionyesha?" Na mdomo huu, huu unaozungumza nanyi sasa, ukasema, "Nilionyesha." Kazik alikuwa amelowa chapachapa, anatetemeka, akanitazama. Akasema, "Mimi sikuona mkono." Mara tatu alisema. Nani angemwamini? Mgonga dari akisema alionyesha, ameonyesha, kwani angekuwa mtu wa kudanganya kuhusu mashimo wote si tungekuwa tumekwisha kufukiwa? Wakaamua kwamba Kazik aliuona mkono akapuuza kuupokeza. Wakamtoa chamani. Na Jumatatu kule shimoni hakuna aliyekubali kufanya kazi mbele yake wala nyuma yake, maana asiyepokeza onyo chini ya ardhi hana tofauti na muuaji. Wakampandisha juu akachambue makaa na wazee na vilema, mtu wa miaka thelathini na saba mwenye mikono kama ile. Mkewe aliacha kuja kwenye duka la mkate la mtaani kwetu. Tangu hapo sisi tunaendesha ukingo huu, yeye anaendesha ule wa pili peke yake, na kila Jumapili nimemwona ng'ambo ya maji, mita hamsini tu.

Usitikise kichwa, Martial. Hii si homa. Odile, mwekee mkono begani. Unasema nini? Sema kwa nguvu. "Kila mwaka tunasimama pale tunalitaja jina la baba mdogo, na wewe unavua kofia, baba! Unavua kofia!" Ndiyo, nilivua. Nilivua na nikainamisha kichwa, na wewe ukiwa mtoto wa miaka minane umesimama kando yangu nikakuacha uape kwamba hakuna Wrona atakayeingia kwenye chama chetu. Leo wewe ndiye mwenyekiti, na mwaka jana ulimrudisha mjukuu wake mlangoni, binti mwenye miguu mizuri ya kupanda vilima. Nilijua. Nilikula supu yangu nikanyamaza. Nitukane basi, nimestahili, lakini nitukane ukiwa njiani, kwa sababu saa ile ukutani inasema saa nne kasoro dakika tano.

Nenda ukingoni. Simama pale wazi akuone, umwite kwa jina lake, si "we mzee." Mwambie baba anamwita. Hapana, simtumi Odile. Mdomo uliomfukuza ndio utakaomwita. Kuzunguka kwa daraja la lango la maji ni dakika kumi kwa miguu yake, na dakika kumi nitazipata, nitazitafuta popote zilipo. Nenda, mwanangu. Nimekulea juu ya uongo na ninaomba unisamehe, ila usinisamehe sasa. Sasa nenda.

Ameondoka? Sikusikia mlango. Ameondoka.

Odile, kaa karibu, niangalizie dirishani, mimi macho yanaingiwa na ukungu. Na wakati tunangoja sikia yaliyo yako. Baiskeli yangu ni yako. Nilikukataza ulipokuwa msichana, nikasema mwanamke na msafara wapi na wapi, nawe ukawa unaipanda mchana nikiwa shimoni, unadhani sikuona kiti kimeshushwa? Bustani ya nyuma mgawane na kaka yako, ila njiwa msiwauze, wape jirani Hortense anayewajua kwa majina. Mnizike na nguo za kawaida. Kofia ya chama msiniwekee. Na haya niliyosema leo yaandike, na kama pumzi itakatika kabla, uyasome siku ya maziko, usiyasome ndani kanisani ambako watu wanasinzia, uyasome nje mlangoni wanapowasha sigara, jina langu na la Kazik, uyaseme yote mawili.

Anafanya nini? Yuko juu ya ukingo, unasema. Na Kazik? Amefika? Amesimama, ameweka mguu mmoja chini. Wanaongea? Hawaongei. Ee Mungu wangu, Martial, fungua mdomo! Odile, nipe maji. Niambie. Martial amevua kofia. Amepaza sauti? Nami sisikii kitu, sikio bovu hili. Na yeye? Bado amesimama. Ana haki ya kusimama. Ana haki ya kuondoka pia, mimi ningeondoka.

Amegeuza. Kuelekea wapi? Kuelekea darajani. Una hakika? Haya. Haya. Nishike mkono, usinipe hewa, hesabu nami tu. Mama yenu alikufa bila kujua. Hilo siwezi kulirekebisha. Mengine... mengine yanakuja yakikanyaga pedali. Usilie, binti yangu. Mungu akulinde kwa usiku wote uliokesha na kikohozi changu. Akupe watu wa kukupokea mbele upepo ukiwa mkali.

Ni wewe, Kazik? Ingia. Usivue viatu, sakafu itafutwa. Martial, msogezee kiti, hapa upande wa sikio zima. Kazik... siku ile sikuonyesha. Nililiona shimo, nikarudisha mkono. Nilitaka ulile wewe, likamla Omer. Watoto nimewaambia. Wote wawili.

Anasema nini? Rudia, Odile. "Najua, bwana. Si nilikuwa nyuma yako?"

Alijua. Na jana alikuja kuniona.

Martial, njoo. Inama. Mungu akubariki, mwanangu, akupe ulimi mwepesi kusema "nilikosa"... ukiwa bado na nguvu. Mpe mkono mzee huyu. Mkono wa kulia. Hivyo.

Sasa mimi basi. Kazik, waeleze wewe, tangu daraja la chuma. Usiiache sehemu yangu. Sema, Kazik. Leo watakuamini.