Andrés Chaclán Anarudi Milimani (1985–2025)

Marehemu Andrés Chaclán alizaliwa tarehe 14 Machi 1985 katika kijiji cha Wamaya kwenye milima ya Totonicapán, magharibi mwa Guatemala, mtoto wa pili wa Mzee Lucas na Mama Catarina. Shamba la kwao lilikuwa mteremko mwembamba wa mahindi. Ardhi tambarare yenye rutuba ilikuwa chini, pwani, mikononi mwa familia chache, na kila mwaka watu wa milimani walishuka kuzikatia miwa. Mzee Lucas alifia huko mwaka 1996. Hakukuwa na gari la kumpandisha, akazikwa kando ya shamba la watu.

Andrés alisoma hadi darasa la sita. Shuleni alifundishwa kwa Kihispania na kuchapwa alipoongea K'iche', lugha ya mama yake. Baadaye alijifunza upishi katika mji mkuu, na mwaka 2014 akaja hapa Doha, Qatar, kupika hotelini. Kiswahili alikiokota jikoni kwa Wakenya, pamoja na maneno yasiyoweza kusomwa hapa.

Hotelini humo alikutana na Pamela Mutheu wa Machakos. Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 2017, wakaishi Al Wakrah, mji ulio karibu na Doha. Binti yao Stacy alipozaliwa mwaka 2019, Mama Catarina alituma mtandio aliofuma mwenyewe. Pamela, kama Mkenya yeyote mwenye sebule, aliutandika kwenye kochi. Andrés akaingia.

“Mama Stacy, inuka! Umekalia kijiji chetu kizima.”

“Kijiji gani? Hiki si kitambaa cha kochi?”

“Kwetu mtu akiona hayo maua, anajua umetoka wapi. Na huo ni wa kubebea mtoto.”

“Si ungesema mapema! Lete mtoto.”

Stacy alibebwa mgongoni kwa mtandio huo hadi alipokataa mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua Andrés mwaka 2023. Akiwa amelazwa, alimwambia Kioko, kaka yake Pamela: “Shemeji, huku ni tambarare kama kule alikobaki baba. Mnipandishe.” Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025.

Ameacha mjane, Pamela, binti, Stacy, mama mzazi, Catarina, dada yake, Juana, na wenzake wa jikoni, wanaolia leo.

Vibali vya kumsafirisha vilipatikana jana. Kesho Pamela na Stacy wataondoka naye, mtandio ukiwa umemfunika kifua. Mama Catarina amesema kwa simu kwamba gari likikwama, majirani watambeba hadi juu.

Apumzike kwao, Andrés, kwa amani.