Sare Mia Mbili

Mbele yangu kwenye basi aliketi fundi cherehani, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Mzee aliyekaa kando yake, mstaafu wa benki kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa ameshajua kwamba fundi ana hisa, akawa anamwonyesha bei gazetini. "Mwanangu, kiwanda chako cha unga kimeshuka tena. Uza kabla akiba haijayeyuka."

"Siuzi, baba. Hiyo ni miaka sita ya sindano."

"Ulikichaguaje, kwa ndoto?"

"Kwa sare. Mimi ndiye ninayewashonea. Mwaka jana walitaka mia na ishirini, mwaka huu mia mbili. Tena wengine wameomba niwapanulie viuno vya suruali. Mfanyakazi anayenenepa analipwa kwa wakati."

Mzee alicheka mpaka miwani ikamteleza. Mimi nina diploma ya biashara, na chuoni hakuna aliyetufundisha kupima viuno.

"Na kampuni hiyo moja ikianguka?"

"Ninazo tatu. Ya nne ilianza kuniletea sare za kutiwa viraka, nikauza wiki ileile. Haikumaliza mwaka, ikafunga geti." Kidevu chake kilikuwa juu, nami nikajikuta nimeinua changu.

"Ulibahatisha. Bei ndiyo inayosema ukweli."

"Bei inasema ya leo, baba. Sare inashonwa ya mwaka mzima."

Basi likasimama, fundi akashuka bila kugeuka.

"Bahati tu," mzee alinong'ona, huku kidole chake kikihesabu dirishani mafurushi ya sare ya fundi ambayo kondakta alikuwa bado anayashusha.