Chai Chini ya Zege: Maisha ya Mhandisi Tahir Makungu

Bismillahi. Ndugu, jamaa na majirani, kabla hatujalinyanyua jeneza, mimi Abrahman, mwanawe mkubwa, nimepewa kazi ya kukusomeeni maisha ya baba yetu. Mwenyewe aliniusia nisiruke kitu. Ningependa sana kuruka.

Marehemu Mhandisi Tahir Makungu alizaliwa Bwejuu tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Makungu Ahmada na Bi Mwatima. Alianza skuli huko huko Bwejuu, akaendelea mjini, na mwaka 1982 alihitimu uhandisi wa ujenzi Dar es Salaam.

Alirudi Unguja na shahada na kiburi kidogo. Aliyemtengeneza ni mkuu wake wa kazi hapa Mji Mkongwe, marehemu Mhandisi Wakil Mjaka. Mzee Wakil alikuwa na desturi yake. Siku ya kuondoa mirunda inayoshikilia zege jipya, aliagiza chai na mandazi, akakaa na kijana wake chini ya sakafu ile ile. "Kama sisi hatuthubutu kunywa chai hapa," akisema, "watu watalala vipi huko juu?" Lakini kabla ya chai alimpandisha kijana ngazi, akamuuliza nondo zimefungwa vipi, akamuuliza mchanga umetoka wapi na zege lina siku ngapi. Asiporidhika, mirunda ilibaki. Baba alituhadithia chai hiyo kila Ramadhani, akicheka jinsi alivyojimwagia chai kwenye kanzu mara ya kwanza kwa woga.

Tarehe 18 Agosti 1985 alimuoa mama yetu, Bi Amne, wa Malindi. Alikuwa mume mpole na baba mwenye utani, na hakurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 2011 naye alikabidhiwa kijana wa kumlea kazini, Mhandisi Sichana Shamsi, binti ambaye ndiyo kwanza ametoka chuo. Hapa ndipo uso unaponishuka. Baba alimhadithia ile chai, lakini ngazi hakumpandisha. Akiulizwa jambo alijibu, "Yamo vitabuni, mwanangu." Tarehe 20 Oktoba 2012 walikuwa wakisimamia ujenzi wa jengo la maduka Mwanakwerekwe. Sichana alimpigia simu kwamba mkandarasi ana haraka, anataka kuondoa mirunda. "Ondoeni tu, nnakuja," baba akamwambia, kisha akaenda zake harusini. Sichana aliagiza chai, akakaa chini ya sakafu peke yake kama alivyohadithiwa. Zege lilikuwa bado bichi. Upande mmoja uliporomoka ukamvunja mguu.

Kwenye uchunguzi baba aliulizwa nani aliyeruhusu. Akajibu, "Mimi sikuwepo." Sichana alifukuzwa kazi na hakuna aliyemwajiri tena. Baba alistaafu mwaka 2017 kwa sherehe, akapewa saa ya ukutani. Tuliipigia makofi.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2022. Mwezi uliopita alinituma nimlete Sichana hospitali. Alikuja akichechemea. "Shikamoo, mwalimu." Baba alilia kabla ya kuitikia. Alipomwomba msamaha, Sichana akamwambia, "Mie nshakusamehe. Lakini walonifukuza hujawambia." Baba akanigeukia mimi, na ndiyo maana nimesimama hapa. Alifariki alfajiri ya leo, tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mjane, watoto wawili, mimi na dada yangu Fathiya, na wajukuu watano. Anakwenda kuzikwa Mwanakwerekwe, si mbali na jengo lile.

Desturi yetu ni kuuliza hapa kama yupo anayemdai marehemu. Leo hatuulizi, tunamjua. Amekaa ndani pamoja na kina mama, na ananisikia. Na nyinyi wakubwa wa kazi wa baba, mlioamua kesi ya Sichana, mmekaa mbele yangu. Baba anasema ruhusa aliitoa yeye mwenyewe, si Sichana. Tukishazika, nakuombeni mrudi hapa mumwambie Sichana hivyo kwa vinywa vyenu.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, na ampe mapumziko deni hili likishalipwa.