Kasi ya Kusoma Pasipo Mwandishi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Ndugu Mkurugenzi wa mradi wetu wa kumbukumbu za chanjo ya mifugo; wazee wetu mliotoka Lopur; na ninyi wageni waalikwa mliofika hapa Kanamkemer: ejok, hamjambo.

Nimepewa heshima ya kumuaga Nakaale Ekiru, mwandishi wa kumbukumbu zetu, na nimeagizwa niisifu kasi ya kazi yetu. Nitaisifu, kwa kuwa ni ya kweli.

Hifadhidata yetu huishi ndani ya tableti yenyewe, maana kwenye geti la soko la mifugo Kakuma, ambapo mnyama asiye na kumbukumbu ya chanjo haingii, mtandao hauaminiki. Mwanzoni ilikuwa nzito mno. Sisi wenye shahada tuliipanga kwa majina ya vitambulisho. Mzee Emanikor, mfugaji wa Lopur, kama wenzake wa rika lake, alijitambulisha kwa jina la dume wake ampendaye, na tableti ikalazimika kupekua kila kumbukumbu tangu ya kwanza. "Kijana," akaniambia, "hii mashine yako nasoma kama mtoto wa nasari. Mbuzi nakufa na jua."

Tukaunda faharasa ya majina ya madume. Getini tukaifungua hifadhidata kwa kusoma tu, ili isijifunge kila mara ikimngoja mwandishi asiyekuwepo amalize kuandika. Kuandika kulikuwa kazi ya Nakaale huko kwenye vituo vya chanjo, naye alituletea nakala mpya kabla ya kila siku ya soko. Jibu likawa linatoka kabla salamu hazijaisha. Je, ni wahitimu wangapi wa umri wetu wanaoweza kujivunia hilo?

Kisha ufadhili ukakoma, na Nakaale akaambiwa aache kuandika. Msimu uliofuata mbuzi wa mzee Emanikor walichanjwa Lopur. Nilikuwepo, baadhi yao niliwashika pembe mimi mwenyewe. Alipofika getini, tableti ilijibu papo hapo: hawajachanjwa. Nikasema sindano niliiona kwa macho yangu. Mlinzi akaniuliza, "Kwani wewe ndiyo tableti?" Watu wakacheka. Mzee akawageuza mbuzi wake, akashika njia ya kurudi, na kiangazi kimekwisha kukaza.

Mheshimiwa, ripoti itakayosomwa baada yangu itasema hatujawahi kuwa na kasi kama ya leo. Ni kweli, tumeipima. Hifadhidata itakosaje kasi, ikiwa hakuna anayeiongezea neno jipya? Tumefaulu kumkatalia mfugaji upesi kuliko tulivyowahi kumkubalia.

Nilikuwa nimeandaa ombi kwamba Nakaale arejeshwe kazini. Asubuhi hii nimearifiwa kwamba uamuzi umekwisha kupitishwa, basi ombi nimeliondoa. Dada Nakaale, uliandika kwa uaminifu; nenda salama. Nanyi wazee wa Lopur, mkiniuliza mbuzi wa msimu huu watapita vipi getini, mimi sina jibu, na tableti inalo moja tu.

Kwa subira mliyonipa na masikio mliyonitegea, nawashukuru nyote. Asanteni.