Karisa Thoya na Mvua ya Mwaka wa Themanini na Nne

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote, wazazi, waumini na mbuzi wa Mama Kadii kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kipimo cha mvua cha Misheni ya Kwa Randu kitasogezwa hatua nne upande wa kusini, mbali na ule ua wa miti unaoliwa na mbuzi hao. Habari hii ni nzito kuliko inavyoonekana. Aliyekuwa akiwafukuza mbuzi hao, Mzee Karisa Thoya, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 1987, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, na hatujampata mwingine ambaye mbuzi wanamheshimu.

Mzee Karisa ni mwenyeji wa Jilore. Aliajiriwa mwaka wa 1956 kufagia kanisa, akaongezewa kengele, kisha akakabidhiwa kipimo cha mvua, na hakuna aliyekumbuka kumpunguzia kazi za mwanzo. Kila siku saa tatu asubuhi hukifungua kipimo, humimina maji kwenye gilasi yenye mistari, huinama hadi jicho liwe sawa na maji, kisha huandika. Kwa miaka yote hiyo alikosa siku mbili tu: siku ya harusi ya binti yake, na siku nyuki walipohamia ndani ya kipimo.

Daftari zake ni za namna ya peke yake. Kushoto huandika milimita. Kulia huandika mambo ya dunia: mafuriko yaliyokata njia, bendera mpya ilipopandishwa, kifo cha mfalme fulani aliyesikia habari zake redioni, kuzaliwa kwa pacha wa Randu fundi seremala. Mgeni mmoja alimuuliza mambo hayo yanahusiana vipi na mvua. Mzee alimjibu kwamba safu zote mbili zina mwandishi mmoja, na yeye Karisa ni mnakili tu.

Hiyo ndiyo imani yake, na kila aliyefundishwa naye shule ya Jumapili anaijua. Falme huinuka na kuanguka kwa zamu. Watu walikaa utumwani Misri miaka mia nne, na siku yao ilipofika haikuongezwa hata asubuhi moja. Mimi, mwandishi wa wasifu huu, Dedan Thuku, karani wa ghala, nilifika hapa kutoka bara mwaka wa 1979 nikiwa na saa ya mkono niliyojivunia sana. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, kisha nikamwambia kengele yake imechelewa dakika saba. Aliitazama saa yangu kwa huruma. "Marahaba, mwanangu. Mungu hana saa ya mkono," alisema. "Ndiyo maana hachelewi."

Ni lazima niseme kwamba sikumwamini. Sisemi Mungu; nasema Mzee Karisa. Karani wa ghala hulipwa kwa kushuku, na mimi kazi hiyo naifanya hata siku za mapumziko. Mtu anayejua saa ya Mungu kila mara, nilijiambia, ana njia yake ya kuchungulia.

Shaka yangu ilikomaa mwaka wa 1984. Mnakumbuka mwaka ule: bara kulikuwa na njaa, na hata huku tulianza kula mahindi ya njano na kujifanya hatuoni rangi. Mnaijua pia desturi yetu ya Jumapili ya Mbegu. Hakuna nyumba ya Misheni inayopanda kabla mbegu kuombewa kanisani na kugawanywa vikapuni, na siku yenyewe hutangazwa na mwenye kipimo. Kanuni yake ni moja: zikifika milimita thelathini ndani ya siku tatu, mbegu ziombewe.

Katikati ya Machi mvua ilinyesha siku mbili. Nilichungulia daftari nikaona thelathini na nne. Jumapili kanisa likajaa vikapu. Mchungaji Mwambire akamgeukia Mzee Karisa, naye akasimama, akapangusa paji la uso, akasema, "Bado. Saa ya Bwana haijafika."

Watu walinong'ona. Mbeyu, mjane wa marehemu Kalama, hakunong'ona. "Mzee Karisa, saa ya Bwana haijafika lakini majani ya mbuzi wangu yameshafika. Nimwamini nani?"

"Ngoja, mama."

"Wewe una mke mmoja na kuku watatu, waweza kumngoja Bwana. Mimi nina midomo saba, na hakuna hata mmoja unaojua kungoja."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa na njaa ndani yake. Mimi nilinyamaza kwa sababu ambayo sikumwambia mtu: ghala lilikuwa tupu. Magunia arobaini ya mbegu tuliyoagiza Malindi hayakuwa yamefika. Nilimlaumu muuzaji moyoni, nikaogopa kusema, na huyu mzee aliposema bado, nilishusha pumzi. Kisha nikaanza kumshuku palepale. Kanuni ni yake, milimita ni zake, mbona aivunje?

Nilimfuata nje. "Mzee, kipimo si kimetimia?"

"Kipimo hupima maji, Thuku. Hakipimi wakati."

Kesho yake alipanda baiskeli akaenda Malindi. Juma lililofuata akaenda tena. Alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, wala hakusema alikokwenda. Hapo nikaikamata kesi yangu: nilikuwa nimesikia ana mpwa anayefanya kazi uwanja wa ndege, na uwanjani ndiko wanakotazama mawingu. Kumbe saa ya Bwana hutoka kwa mpwa, nikajiambia, nikalala vizuri.

Jua likawaka wiki tatu. Ng'ambo ya kijito, wasiofuata desturi yetu walikuwa wamepanda kwa ile mvua ya Machi. Mahindi yao yaliota, yakawa kama vidole vya kijani, kisha yakaungua yote, na mbegu nyingine hawakuwa nayo. Alhamisi moja ya Aprili lori likaleta magunia yetu. Jumapili, kipimo kikiwa kikavu, Mzee Karisa akatangaza, mbegu zikaombewa. Jumatatu ilinyesha, ikaendelea siku kumi na moja. Mbeyu alimletea Mzee jogoo, akamwambia, "Midomo yote saba inakusalimu."

Tangu hapo jina lake likavuma. Watu walikuja kutoka hata Marafa kumuuliza siku ya kuozesha binti. Yeye aliwafukuza kama mbuzi wa Mama Kadii, nami nikaona hiyo ni mbinu ya nabii mzoefu. Nilimtega. Mchana mmoja wa Januari, mbingu ikiwa nyeupe kwa ukame, nilimimina kikombe cha maji kwenye kipimo nione kama ataandika mvua. Asubuhi nikakuta: "Milimita sita. Mvua ya karani."

Tulipogawana kazi za sherehe hii nilipewa kuandika wasifu. Mchungaji aliniagiza niweke habari ya themanini na nne mbele kabisa, watoto wajue kwamba mtu wetu alisikia sauti. Jumanne iliyopita nikaenda kwa Mzee kupokea daftari. Zilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Juu yake palikuwa na kitabu changu cha nyimbo, kilichopotea siku nyingi, na ndani ya kitabu bahasha yenye mwandiko wangu na stempu isiyogongwa muhuri.

Basi haya ndiyo yaliyotukia, na Mzee Karisa amenitaka niyaandike yalivyo.

Barua ya kuagiza mbegu niliiandika mimi, Februari ya mwaka ule. Niliitia katika kitabu cha nyimbo nimpe dereva wa Misheni aipeleke posta baada ya ibada. Tukaimba, nikasifiwa kwa sauti yangu ya besi, nikakisahau kitabu kwenye benchi. Mzee alikiokota akakiweka kabatini bila kukifungua. Alikifungua Jumamosi ya Machi, kesho yake ikiwa ile siku ya vikapu, akitafuta wimbo wa ibada, akaiona barua, akaelewa kwa nini ghala linanuka panya tu. Akaipeleka Malindi mwenyewe kwa baiskeli, na mara ya pili akaenda kumsihi muuzaji. Bahasha akabaki nayo. Mpwa wa uwanja wa ndege, kwa taarifa yenu, hufagia.

"Wangejua, wangekula nyama yako na ya Mchungaji," aliniambia. "Ndiyo nikasema saa ya Bwana. Sikusikia sauti yoyote, Thuku. Nilikuwa nakusitiri wewe, nikamsingizia Mungu. Miaka mitatu wananiletea majogoo, na kila jogoo akiwika mimi nageuza uso. Usiniache nitoke hapa na sifa isiyo yangu."

Nilimwambia kwamba nikiandika hivyo, mimi ndiye nitakayetoka vibaya. Akakubali kwamba ni kweli. Kisha akauliza, kwa ule upole wake unaochoma, "Lakini barua ingefika kwa wakati, tungepanda lini?"

Machi. Tungepanda Machi, tukaungua na wenzetu wa ng'ambo. Nilihesabu tena kwa vidole ili nipate jibu jingine, sikulipata.

Kwa hiyo Mbeyu na ninyi nyote mlioshika vikapu siku ile, niwieni radhi. Aliyewakawiza ni mimi. Aliyenibeba ni Mzee Karisa, na sasa nimeshuka mgongoni mwake. Mzee, ahsante kwa kengele iliyochelewa dakika saba, na kwa kunificha bila kunidai. Nenda Jilore ukapumzike kwa afya, na mvua ikukute ndani, usilazimike kuipima.

Mimi nabaki na kazi yangu ya kushuku. Miaka mitatu nilimshuku Karisa Thoya kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Tangu Jumanne nimeacha. Sasa ninayemshuku ni Mungu, kwamba Jumapili ile ya Februari, nilipokuwa naimba besi, alikuwa kwenye benchi langu, kando ya kile kitabu.