Tarumbeta la Chepchirchir

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kidogo na jina moja: Zeddy Chepchirchir. Amezikwa Jumamosi kule Olenguruone, akiwa na miaka tisini na mmoja. Leo tunamkumbuka kwa tarumbeta.

Mwaka ni 1957. Mahali ni Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kanisa lao lilikuwa limenunua tarumbeta kuukuu katika mnada wa shamba moja huko Molo. Wanaume wa bendi walilisugua kwa majivu na ndimu hadi likang'aa. Liling'aa, lakini halikulia. Lilikoroma tu, kama ng'ombe mwenye kikohozi.

"Hili limekufa," akasema Wamalwa, kiongozi wa bendi. "Atakayelifufua ndiye atakayelipuliza Krismasi."

Chepchirchir, aliyekuwa akifagia kanisa, akainua kichwa. "Hata mwanamke?"

Wakacheka. "Hata kuku, mama!"

Kwao Chepchirchir, wasikilizaji, huwezi kutia maziwa kwenye kibuyu kabla ya kukisugua ndani. Kibuyu huweza kupendeza nje na bado kikaharibu maziwa. Kwa hiyo yeye alichungulia ndani ya tarumbeta. Akakuta uchafu wa miaka mingi. Akachomoa mirija na vibonyezo, akavipanga juu ya leso kwa mfuatano, asije akavichanganya. Akavilaza katika maji vuguvugu ya sabuni. Akafunga kitambaa kwenye uzi, akakivuta ndani ya mirija, akarudia, akarudia, mpaka kikatoka safi. Vibonyezo akavitia mafuta ya cherehani. Kisha akaanza kujifunza kupuliza.

Binti yake, Jepkorir, anasimulia: "Midomo ilimvimba, hata chai ikamshinda. Baba akamuuliza, 'Utaacha lini?' Akamjibu, 'Wewe ziba masikio.'"

Krismasi ikafika. Wamalwa akanyoosha mkono. "Asante, dada. Lete sasa."

"Ulisema atakayelifufua."

"Nilikuwa natania!"

"Mimi sikutania."

"Bendi haitatembea na wewe."

"Basi nitatembea mimi."

Akatoka barabarani peke yake, akipuliza. Nota mbili za wimbo zilimponyoka. Hakusimama. Wanawake wa kwaya wakamfuata, kisha mpiga ngoma. Walipofika sokoni, bendi nzima ilikuwa nyuma yake. Wamalwa naye alikuwamo, nyuma kabisa, akikanyaga kwa mdundo wa Chepchirchir.

Alilipuliza tarumbeta hilo miaka thelathini na mmoja.

Jepkorir na jamaa wote, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: ni kitu gani tulichokifufua kwa mikono yetu, kisha tukamkabidhi mwingine kwa sababu tu alinyoosha mkono?